Siku ya tatu mpe jembe: The Office ilivyohama kutoka Slough hadi Scranton

Alhamisi ya tarehe 24 Machi 2005, kituo cha NBC kilirusha episodi ya kwanza ya The Office ya Kimarekani, kipindi cha vichekesho kuhusu ofisi kinachopigwa kana kwamba ni filamu ya hali halisi. Watazamaji walizidi milioni 11. Jumanne iliyofuata ikaja episodi ya pili, na hesabu ikaporomoka hadi milioni 6 hivi. Ndani ya siku tano karibu nusu ya watu walikuwa wameondoka. Sehemu ya anguko hilo inaelezeka kirahisi: ya kwanza ilipewa nafasi nono ya Alhamisi, ya pili ikapelekwa Jumanne. Lakini siku na saa havimalizi maelezo, maana mtu hakimbii episodi ambayo hajaiona. Waliokimbia walikuwa wameihukumu ile ya kwanza, na ile ya kwanza, kwa sehemu kubwa, ilikuwa mswada wa Waingereza uliosomwa kwa lafudhi ya Marekani.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa taratibu kwa sababu ushahidi wote upo wazi. Ni nadra kupata maandishi yaleyale, matukio yaleyale, hata mizaha ileile, vikiwekwa mikononi mwa waigizaji wa nchi mbili tofauti. Na ni nadra zaidi kuona waandishi wakijisahihisha mbele ya watazamaji, episodi baada ya episodi, hadi kipindi kilichoelekea kufa kikaishi misimu tisa.

Slough

The Office ya asili iliandikwa na kuongozwa na watu wawili, Ricky Gervais na Stephen Merchant, ikaanza kuonyeshwa BBC Two tarehe 9 Julai 2001. Mji ni Slough, mji wa viwanda na maghala magharibi ya London. Kampuni ni Wernham Hogg, wauzaji wa karatasi. Meneja wa tawi ni David Brent, anayeigizwa na Gervais mwenyewe. Chini yake yupo Tim Canterbury (Martin Freeman), muuzaji mwenye akili ambaye maisha yamemkwamisha hapo. Gareth Keenan (Mackenzie Crook), mwenye uchu wa cheo na fahari ya kuwa askari wa jeshi la akiba. Na Dawn Tinsley (Lucy Davis) wa mapokezi, ambaye mchumba wake anafanya kazi ghalani huku moyo wake ukimwelekea Tim.

Brent haeleweki bila kuikumbuka televisheni ya Uingereza ya miaka ya 1990. Jioni zilijaa vipindi vya kuwafuata watu wa kawaida kazini na mitaani: uwanja wa ndege, shule ya udereva, hoteli. Mwanafunzi wa udereva aliyefeli mtihani mara nyingi aliweza kulala akiwa hajulikani na kuamka akiwa gumzo la nchi. Brent ameyaona hayo yote. Kamera inapoingia ofisini kwake, yeye anaona mlango wa umaarufu umefunguliwa. Ndiyo maana kila analosema linapitia kwenye lenzi kabla ya kumfikia anayeambiwa. Mwangalie macho: anatoa utani kwa mfanyakazi, kisha kabla mfanyakazi hajajibu, jicho limeshaponyoka kwenda kwenye kamera kuona kama utani umepokelewa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Brent analitia maji kwa matumaini tu ya kusifiwa.

Hakuna vicheko vya kurekodiwa. Hakuna muziki wa kukuambia ucheke wapi. Utani unaanguka, watu wanaangalia meza zao, mashine ya kutolea kopi inaendelea kulia, na aibu ya Brent inakufikia wewe uliyekaa sebuleni. Aibu hiyo ndiyo bidhaa. Waandishi wanaipima kwa sekunde: wanaiacha ikae kidogo kuliko unavyoweza kuvumilia, ndipo wanakata.

Walifanya hivyo kwa muda mfupi sana. Msimu wa kwanza episodi 6, wa pili episodi 6 kuanzia tarehe 30 Septemba 2002, kisha sehemu mbili za Krismasi tarehe 26 na 27 Desemba 2003. Jumla 14, basi. Januari 2004 kipindi kikapata tuzo ya Golden Globe ya kipindi bora cha vichekesho, na Gervais akapata ya mwigizaji.

Dakika nane na saa sabini

Aliyekabidhiwa kazi ya kuihamishia Marekani ni Greg Daniels, aliyewahi kuandikia The Simpsons na kushiriki kuanzisha King of the Hill. Mji ukawa Scranton, jimbo la Pennsylvania, mji uliokua kwa makaa ya mawe. Kampuni ikawa Dunder Mifflin, na bidhaa ikabaki karatasi. Brent akawa Michael Scott (Steve Carell), Tim akawa Jim Halpert (John Krasinski), Gareth akawa Dwight Schrute (Rainn Wilson), Dawn akawa Pam Beesly (Jenna Fischer), na mchumba wa ghalani akawa Roy.

Tatizo la kwanza lilikuwa la mkasi. BBC haina matangazo ya biashara, hivyo nusu saa yake ni karibu dakika 30 kamili. Nusu saa ya NBC, ukitoa matangazo, inabaki dakika 22 hivi. Dakika nane lazima zitoke mahali. Ukikata mazungumzo unapoteza hadithi, kwa hiyo kinachokatwa kwanza ni kile kinachoonekana kama hakuna kitu: mtu anachapa, mtu anatazama ukuta, utani umekufa na hakuna anayesema neno. Lakini katika kipindi hiki, pale panapoonekana hakuna kitu ndipo kipindi kilipo. Ukiondoa ukimya, maneno ya Brent yanabaki ufidhuli mtupu, kwa sababu kilichokuwa kinamwadhibu kimeondolewa. Mtazamaji wa BBC anamwona bosi akitenda kosa na akilipia kosa hilo papo hapo. Mtazamaji wa NBC alionyeshwa kosa, kisha akaonyeshwa kosa lingine.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo linahitaji hesabu ndogo. Episodi 12 za misimu miwili ya Uingereza, kwa dakika 30, ni saa 6. The Office ya Marekani ilifikia episodi 201. Kwa dakika 22, ni zaidi ya saa 70. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Brent aliondoka kabla ya siku ya tatu: mtu anaweza kukaa saa sita na bosi asiyeweza lolote, anayeumiza watu na asiyejiona, kwa sababu anajua mwisho uko karibu. Michael Scott alikuja kukaa. Bosi wa kukaa naye miaka lazima awe na jembe, yaani kitu kimoja anachokiweza na sababu moja ya watu kumwacha aendelee kuwepo. Mwezi Machi 2005 Michael hakuwa nalo.

Mswada uleule, kando kwa kando

Weka episodi mbili za kwanza pamoja, uzitazame onyesho kwa onyesho. Slough inaanza na Brent akimtafutia mtu kazi ya kuendesha folklifti: anapiga simu ghalani na kumsifia mtu huyo kwa mambo ambayo hana hakika nayo, huku akijionyesha mbele ya kamera kuwa bosi mwenye moyo mkubwa. Kosa lake ni la majivuno. Scranton inaanza na Michael akimwonyesha Jim jinsi ya kuzungumza na mteja kwenye simu; sauti ya mteja ni nzito, Michael anamwita bwana, kumbe ni mwanamke. Kosa lake ni la ujinga. Hii ni moja ya sehemu chache zilizobadilishwa, nayo tayari inadokeza Michael atakavyokuwa baadaye, ingawa bado kila kitu kingine kinamvuta arudi kwa Brent.

Kisha jeli. Katika ofisi zote mbili stepla ya yule mwenye uchu wa cheo imezamishwa ndani ya jeli na jirani yake wa meza, na katika ofisi zote mbili bosi anaitwa kuamua. Hapo mizaha ya maneno inaanza kupishana, na inaonyesha jinsi kazi ya kuhamisha ilivyofanywa. Waingereza wana kitamu cha tabaka kiitwacho trifle, neno ambalo pia hubeba maana ya jambo dogo lisilo na uzito, hivyo Slough ikapata utani wake. Wamarekani wengi hawali trifle. Mahali pake pakawekwa flan, kitamu ambacho jina lake linakaribiana na fan, yaani shabiki. Utani wa kastadi, unaosikika karibu sawa na custody, neno la kuwekwa mahabusu, ulivuka bahari bila kuguswa. Ni ufundi mzuri wa fundi cherehani: kipande kimetolewa, kipande kimeshonwa. Lakini vazi lilikuwa limekatwa kwa mwili mwingine.

Mkubwa kutoka makao makuu anapofika, Brent anasema huwa anamwita Camilla Parker Bowles, ila si mbele yake. Michael anamwita wake Hillary Rodham Clinton, ila si mbele yake. Sentensi ni ileile, jina ndilo limebadilishwa, na utani umepata maana nyingine kabisa. Camilla wa mwaka 2001 alikuwa mwanamke aliyesemwa vibaya magazetini kwa sababu ya ndoa ya kifalme. Clinton alikuwa seneta aliyeogopwa kwa sababu ya madaraka yake. Brent anatania kama msoma magazeti ya udaku. Michael anatoboa siri kwamba anamwogopa mwanamke aliye juu yake kicheo.

Halafu lile tukio zito, la kumtania wa mapokezi kwamba amefukuzwa kazi. Bosi anataka kumchekesha kijana mgeni wa ofisi, kwa hiyo anamwita Dawn, anamtuhumu kuiba karatasi za kubandika, na anamwambia kazi imekwisha. Dawn analia. Brent anapomwambia ni mzaha, Dawn anamtukana tusi zito la Kiingereza na kumwambia ni mtu mdogo wa kusikitisha. Katika Scranton kila hatua ni ileile hadi mwisho, ambapo Pam, macho yamejaa machozi, anamwita Michael kwa neno la kumkemea ambalo mzazi angeweza kulitumia mbele ya watoto. Televisheni ya wazi ya Marekani haiwezi kupitisha tusi la Dawn. Matokeo yake ni kwamba katika Slough mzani unarudi sawa: bosi amemwumiza msichana, msichana amemwambia ukweli unaobaki naye. Katika Scranton msichana ameumizwa, na jibu lake halina uzito wa kidonda chake. Mtazamaji anabaki na deni ambalo hakuna aliyelilipa. Kama kuna dakika moja iliyowapoteza wale milioni tano, ni hii.

Carell pia alivishwa vibaya. Nywele zimepakwa mafuta na kulazwa nyuma, sauti kali, uso umekaza. Ni umbo la bosi mwenye kiburi, wakati kila kitu kizuri ambacho Carell anakiweza kinatoka kwenye uso ulio wazi kama wa mtoto.

NBC ilikuwa na sababu ya kuogopa kunakili. Mwaka 2003 ilichukua kipindi cha Uingereza kiitwacho Coupling, ikatumia miswada ileile karibu neno kwa neno, na ikakiondoa hewani baada ya episodi nne. Mfano wa kinyume ulikuwepo pia, wa zamani zaidi. Steptoe and Son ya BBC iliwahusu wazungu wawili, baba na mwana, wanaokusanya vitu chakavu London. Mwaka 1972 Norman Lear na Bud Yorkin waliichukua, wakaiweka Watts mjini Los Angeles, wakawafanya baba na mwana kuwa Wamarekani weusi, na Sanford and Son ikawa kipenzi cha nchi. Kilichovuka hapo ni mgogoro wa mzee asiyetaka kuachwa na kijana anayetaka kuondoka. Mizaha ilitungwa upya na watu wa mahali pale.

Episodi ya pili iliyojua njia

Diversity Day, ile iliyoonekana na nusu ya watu, haikunakiliwa popote. Iliandikwa na B.J. Novak, ambaye pia anamwigiza Ryan, kijana mgeni wa ofisi. Makao makuu wamemleta mkufunzi kufundisha heshima kati ya watu wa rangi na asili mbalimbali, kwa sababu Michael aliiga mchekeshaji mweusi mbele ya wafanyakazi na kuna waliolalamika. Michael anaamua kuendesha mafunzo yake mwenyewe: kila mfanyakazi anabandikwa kadi kwenye paji la uso yenye jina la kabila au taifa, na wenzake wanapaswa kumtendea kama mtu wa kadi hiyo. Michael anamwendea Kelly, mwenye asili ya India, na kumfanyia lafudhi ya dukani. Kelly anampiga kofi.

Kofi hilo ndilo lililokosekana katika onyesho la Pam. Kosa limelipwa papo hapo. Na kisa chenyewe hakikuhitaji Slough, kwa sababu kimetoka kwenye hofu halisi ya kampuni za Marekani: kushtakiwa na wafanyakazi. Hofu hiyohiyo ilimzaa Toby, afisa rasilimali watu wa Scranton, ambaye Slough haina mfano wake. Episodi ya tatu, Health Care, ilikwenda mbali zaidi: Dwight anapewa jukumu la kuchagua bima ya afya ya ofisi nzima na anafuta karibu kila huduma. Kisa hicho hakiwezekani Uingereza, ambako mgonjwa anakwenda NHS, huduma ya afya ya umma, bila kumwuliza mwajiri wake. Ukitaka kujua kama kazi iliyohamishwa imeota mizizi, tafuta kisa ambacho nchi ya asili isingeweza kukiandika. Hapa kilipatikana wiki ya tatu.

Angalia pia Diversity Day inavyofungwa. Siku nzima Jim amekuwa akihangaika na mauzo yake makubwa ya mwaka, na Dwight ameyachukua. Jioni, kikao kikiendelea, Pam anasinzia na kichwa chake kinaangukia bega la Jim. Jim anaiambia kamera kwamba haikuwa siku mbaya. Slough haikuwahi kumfungia mtazamaji siku kwa upole wa namna hiyo, na haikupaswa. Lakini Daniels na wenzake walikuwa wamegundua wanachoweza kuwapa watu kama malipo ya kuvumilia aibu.

Jembe linapatikana

Msimu wa kwanza uliishia episodi sita. Agosti 2005 filamu ya vichekesho ambayo Carell alikuwa nyota wake ilivuma sana, na NBC ikapata sababu ya kuvuta subira. Msimu wa pili, wenye episodi 22, ulianza tarehe 20 Septemba 2005, na marekebisho yanaonekana kuanzia kwenye nywele: mafuta yameondolewa, sura imelainika.

Episodi ya kwanza ya msimu huo, The Dundies, inastahili kutazamwa mara mbili. Michael anawapa wafanyakazi tuzo za kubuni katika mgahawa wa Chili's. Utani wake unaanguka, wafanyakazi wanaona aibu, hadi hapo ni Brent kabisa. Kisha wateja wengine wa mgahawa, watu wasiomjua, wanaanza kumzomea na kumdhalilisha. Michael ananyong'onyea, anataka kufunga sherehe. Hapo Pam, aliyekunywa kupita kiasi, anaanza kumshangilia; Jim anaungana naye, na wengine wanafuata. Ujumbe wa onyesho uko wazi bila mtu kuutamka: huyu ni mpumbavu, lakini ni mpumbavu wetu. Sisi tunaruhusiwa kumcheka, ninyi hamruhusiwi. Linganisha na Slough, pale Brent anapocheza dansi mbele ya wafanyakazi kuwaonyesha kwamba anamzidi Neil, bosi wake mpya. Wanamtazama kimya. Hakuna anayemwokoa. Siku hiyohiyo anaambiwa nafasi yake imefutwa, akiwa ndani ya vazi la mbuni alilolivaa kwa ajili ya siku ya hisani. Yote mawili ni maonyesho makuu ya televisheni, na hakuna hata moja ambalo lingeweza kuishi katika kipindi cha mwenzake.

Wiki chache baadaye likaja The Client, na humo jembe lenyewe. Michael na Jan, mkubwa wake, wanakutana na mwakilishi wa kaunti ya Lackawanna kujadili mkataba. Michael anahamishia kikao Chili's, anaagiza chakula, anasimulia utani, anapoteza saa nyingi, na Jan anakaribia kuchanganyikiwa kwa hasira. Kumbe Michael anamsoma mteja. Akishamlegeza, anazungumzia udogo wa kampuni yake na watu wa mahali pale wanaoitegemea, na mkataba unapatikana. Jan, na mtazamaji pamoja naye, wanaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini mtu huyu alipandishwa cheo. Alikuwa muuzaji hodari kupita kiasi, akapewa umeneja, kazi ambayo haiwezi. Swali ambalo Waingereza hawakulazimika kulijibu, la nani alimweka mtu huyu hapa, Marekani lilijibiwa ndani ya dakika 22, na jibu likabeba misimu iliyofuata.

Halloween, iliyorushwa wiki tatu kabla ya The Client, inakamilisha ukarabati. Tishio la kupunguza wafanyakazi, lililorithiwa moja kwa moja kutoka Slough, hatimaye linamfikia Michael: lazima amwondoe mtu mmoja kabla siku haijaisha. Ameahirisha mwezi mzima. Anamchagua Creed, anashindwa kusimama na uamuzi wake, anamwondoa Devon badala yake, na Devon anaondoka kwa hasira. Brent katika mtihani kama huo aliwaahidi watu wake kwamba hakuna atakayepunguzwa, kisha akakubali kupanda cheo hata kama tawi lingeumia, na alipofeli vipimo vya afya kwa sababu ya shinikizo la damu akawaambia wafanyakazi kwamba cheo alikikataa kwa ajili yao. Michael anarudi nyumbani peke yake, mpweke, hadi watoto wanapobisha hodi kuomba peremende, na uso wake unafunguka. Ni tukio dogo sana. Carell hasemi lolote kubwa. Lakini baada ya hapo hutaki tena mtu huyu apate mabaya, na kipindi hakikurudi nyuma kamwe. Mwaka 2006 kikapata tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha vichekesho.

Maikrofoni

Kwenye mapenzi tofauti inaonekana kwa kifaa kimoja. Mwisho wa msimu wa pili wa Slough, Tim anazungumza na kamera kuhusu Dawn, ambaye anaondoka kwenda Marekani na mchumba wake. Anakatiza maneno yake katikati, anainuka, anamwita Dawn kwenye chumba cha mkutano, na kabla ya kusema lolote anachomoa maikrofoni yake. Sauti inakufa. Kamera imeachwa nje ya kioo. Unaona midomo, unaona mikono, kisha Tim anarudi mezani, anaichomeka maikrofoni tena, na anaieleza kamera kwamba Dawn amekataa. Kifaa cha kipindi, ambacho hadi hapo kilikuwa cha kuchekesha, kinageuka kuwa mlango unaofungwa usoni mwa mtazamaji.

Scranton haikulinakili onyesho hilo. Katika Casino Night, tarehe 11 Mei 2006, Jim anamwambia Pam anampenda, kwenye maegesho ya magari, na tunasikia kila neno. Anakataliwa, kisha anarudi ofisini na wanabusiana. Slough ilisubiri hadi dakika za mwisho za sehemu ya pili ya Krismasi kutoa busu moja, baada ya Dawn kufungua zawadi ya Tim ndani ya teksi na kukuta rangi za kuchorea zenye ujumbe wa kumsihi asikate tamaa. Kwa episodi 14 unaweza kusubiri hivyo. Kwa 201 huwezi, na ndoa ya Jim na Pam mwaka 2009 iliwaachia waandishi kazi ngumu ya kutafuta shauku nyingine.

Lakini maikrofoni haikusahauliwa. Tarehe 28 Aprili 2011, katika Goodbye, Michael, Carell anaaga. Uwanja wa ndege, Michael anachomoa maikrofoni na kuirudishia timu ya kamera. Kisha Pam anafika mbio na kumkumbatia, na hatusikii chochote. Kifaa kilekile, umbali wa kamera uleule, na kilichofichwa safari hii ni kwaheri ya watu wanaopendana kama ndugu.

Baada ya hapo kipindi kiliendelea misimu miwili zaidi, hadi tarehe 16 Mei 2013, na kilionyesha wazi kwamba jembe lilikuwa limeondoka na mwenyewe. Jambo lingine lililodhoofika ni kamera. Slough inakubalika kama kazi ya timu ya filamu kwa wiki kadhaa, na sehemu za Krismasi zinaonyesha kipindi kimesharushwa na Brent amesharuka na kuanguka kwenye umaarufu mdogo. Kamera za Scranton zinakaa ofisini miaka tisa, na hadi msimu wa mwisho hakuna anayeuliza zinafanya nini hapo.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwamba Michael alikuwa amekuwa mtu mwingine ulitoka kwa Gervais na Merchant wenyewe. Mwaka 2006 waliiandikia Scranton episodi moja, The Convict. Wafanyakazi wanasikia maelezo ya jela na kusema inaonekana nafuu kuliko ofisi yao. Brent angechukia kwamba wamemwaibisha mbele ya kamera. Michael anaumia kama mzazi ambaye watoto wake hawaipendi nyumba. Anawafungia kwenye chumba cha mkutano, anafunga kitambaa kichwani, na kujifanya mfungwa mzoefu anayewatisha kwa habari za jela alizozitoa kwenye hadithi za watoto. Waliomwumba Brent walimwandika Michael bila tone la Brent.

Anayetaka kufanya ulinganisho huu mwenyewe anahitaji jioni mbili. Ya kwanza: episodi ya kwanza ya Slough, mara moja baada yake ile ya Scranton ya tarehe 24 Machi 2005, akiwa na saa ya kupima kila ukimya unadumu sekunde ngapi, kisha Diversity Day. Ya pili: episodi mbili za mwisho za msimu wa pili wa Slough, halafu The Dundies, The Client na Halloween kwa mfuatano huo. Asianze Scranton msimu wa tatu au wa nne kwa kuogopa msimu wa kwanza, kama wengi wanavyoshauriwa. Akiruka msimu wa kwanza hataona kilichorekebishwa.

Na mwishoni aongeze dakika moja ya The Seminar, ya Januari 2011. Michael anakutana na Mwingereza mlangoni pa lifti, wanacheka utani uleule usiochekesha mtu mwingine, wanakumbatiana. Ni David Brent. Anauliza kama pale kazini kwa Michael kuna nafasi. Michael anamjibu kwamba kwa sasa hakuna.